Gari ya zamani na ya kisasa ipi inadumu? Namna ya kuzilinganisha kabla hujatoa hela

Jirani yangu ana Corolla 110 ambayo imesomesha watoto watatu, na kila mtu mtaani akitaka kununua gari anaoneshwa ile, unaona bwana, za zamani ndo gari, hizi za sa hivi makopo matupu. Nyumba ya pili kuna kijana kaagiza gari ya 2015 kutoka Japan, ana mwaka wa nne hajui gereji zaidi ya kumwaga oili, na yeye anakuapia kwamba ya kisasa haina mpinzani. Wote wawili hawadanganyi, kila mmoja anasema ukweli wa gari yake. Shida inaanza pale mnunuzi anapochukua stori ya gari moja akaenda nayo kutoa milioni kumi na kitu. Mi nimeshaumia kwa njia hiyo, nitaeleza huko chini, kwahiyo naandika hapa jinsi ninavyolinganisha saivi kabla sijagusa pochi, na naomba mtu usome taratibu maana hela ya gari kwa wengi wetu ni jasho la miaka.

Kwanza kabisa tenganisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya wakisema gari inadumu. Kuna gari isiyoharibika haraka na kuna gari inayotengenezeka ikiharibika. Hivyo ni vitu tofauti kabisa. Za zamani nyingi zinaharibika mara kwa mara ila fundi wa chini ya mwembe anazirudisha barabarani kesho yake, za kisasa zinakaa muda mrefu bila kusumbua ila siku ikigoma inaweza kulala wiki tatu inasubiri sensa moja. Ukishalielewa hili ugomvi mwingi unaisha. Si mnaijua ile Mercedes 240D ya 1976 ya dereva taksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, iliyotembea kilomita milioni 4.6 na mwaka 2004 akaikabidhi kwenye makumbusho ya Mercedes? Watu wanaitaja sana kama ushahidi wa chuma cha zamani. Ila ile gari haikutembea na injini moja, alikuwa na injini za kubadilishana, hii inashushwa inafanyiwa ovaholi nyingine inapandishwa, maisha yanaendelea. Ni gari imara sana, sikatai, lakini uimara wake mkubwa ulikuwa kwenye kutengenezeka.

Pili, usidanganywe na zilizobaki. Ukienda kijijini ukakuta wazee watano wa miaka 90 wanalima bado, huwezi kusema zamani watu walikuwa hawafi, maana wenzao mia uliotakiwa kuwahesabu wako makaburini. Gari ndo hivyohivyo. Ile 110 unayoiona inakimbia leo ni iliyotunzwa na iliyobahatika, zingine za mwaka wake zilishakatwa zikauzwa kwa kilo za vyuma chakavu na hakuna anayezikumbuka. Ukitaka kujua gari kwa ujumla zimekuwaje angalia hesabu za nchi inayohesabu vizuri, kule Marekani wastani wa umri wa gari zilizopo barabarani ulikuwa miaka kama 8.4 mwaka 1995, kufika 2024 ni miaka 12.6. Na gari nyingi za zamani kule zilikuwa na mita ya tarakimu tano tu, ikifika maili 100,000 inarudi sifuri, kwasababu wakati huo gari kufika hapo na ikaendelea halikuwa jambo la kawaida. Kwahiyo kwa ujumla za kisasa zinadumu zaidi. Ila wewe hununui ujumla, unanunua gari moja, na utaiendesha sehemu moja.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Usishindanishe mwaka na mwaka, shindanisha injini na injini, gia boksi na gia boksi. Fungua boneti utafute kile kibati, kwenye Toyota kinakuwa ukuta wa nyuma ya injini au pembeni, kimeandikwa modeli, injini, namba ya chesisi mpaka gia boksi. Andika ile kodi ya injini (code, yaani herufi na namba zake kama 1HZ), hiyo ndo jina halisi la gari yako, Premio au Rav4 ni jina la kwenye mabati tu. Utashangaa gari mbili zenye sura moja na mwaka mmoja zina injini tofauti, moja inaishi na nyingine inatesa.

Mfano upande wa zamani. 1HZ ya kwenye Land Cruiser, mkonga tunaoujua, lita 4.2 silinda sita dizeli haina tabo (turbo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini), ilianza 1990, pampu yake ya mafuta inafanya kazi kimekanika bila kompyuta kuiamulia, ndo maana mashirika yanayofanya kazi porini hayataki kuiacha. Au 5A ya kwenye Corolla, ikitunzwa ni kuendesha tu. Lakini zamani hiyohiyo kuna 1KZ-TE ya lita 3.0 kwenye Prado na Surf, hiyo ikichemsha mara moja vibaya ujue silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, inaweza kupasuka, na injini za kodi ya 2L zenye tabo nazo zina sifa hiyohiyo ya hedi. Mtu anakuuzia Surf ya 1996 anakwambia za zamani hizi kaka hazifi, muulize hedi imeshabadilishwa mara ngapi.

Upande wa miaka ya 2000 kuja huku, 1NZ-FE ya IST, Raum na Probox ni injini ndogo lakini inavumilia kweli, ina cheni badala ya mkanda wa taimingi (ule unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake), na spea zake zimejaa kila kona. 1ZZ-FE za mwanzoni zikajulikana kwa kula oili kwasababu ya ringi na vitundu vya kurudisha oili kwenye pistoni, 2AZ-FE ya lita 2.4 kwenye baadhi ya miaka hivyohivyo. Zile zilizoandikwa D-4 za mwanzo, kama 1AZ-FSE, petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda, matokeo yake nyuma ya valvu za kuingizia hewa hakuna kinachoosha, masizi yanajijenga gari inaanza kutetemeka ikiwa inaunguruma imesimama na mafundi wengi hawazipendi. Baadaye Toyota wenyewe wakaja na D-4S yenye nozeli za aina mbili, na zile zinazopiga mafuta kwenye njia ya hewa zinasaidia kuosha zile valvu. Unaona sasa, mpya zaidi ikawa bora kuliko mpya ya kabla yake, mstari haujanyooka kwamba kadri inavyokuwa mpya ndo mbovu zaidi. Na Ulaya wakaja na injini ndogo za tabo ambazo mkanda wa taimingi unaoga ndani ya oili, Ford ya 1.0 EcoBoost na ile 1.2 PureTech ya Peugeot na Citroën, mkanda ukichakaa unamwaga vipande vinaziba kichujio cha pampu ya oili na injini inakosa oili. Hizo kama huna uhakika zilimwagwa oili sahihi kwa wakati, mi ningekaa mbali.

Gia boksi ndo pameniumiza. Nilinunua gari ya Kijapani, kampuni siitaji, yenye gia boksi ya otomatiki aina ya CVT, safi kabisa, haina hata mkwaruzo, kilomita 78,000. Nikaipeleka servisi kwa fundi niliyezoea, akamwaga oili ya gia boksi akaweka ile nyekundu ya otomatiki ya kawaida kwasababu kwa miaka 20 ndo hiyo anaweka kwenye kila otomatiki na hazijawahi kumlalamikia. CVT haina gia za meno kama otomatiki ya zamani, ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa maalum ili ule mkanda ushike usiteleze. Wiki ya tatu gari ikaanza kutetemeka nikikanyaga kutoka kwenye foleni, mwezi wa pili inaunguruma kama ndege halafu haiendi. Gia boksi ya mtumba ikala hela ambayo nilikuwa nimeitenga ada. Nilimlaumu fundi kwa muda mrefu, alafu nikaja kukaa nikajiuliza, je ile gari ilikuwa mbovu? Hapana, ilikuwa inahitaji kitu ambacho mimi na fundi wangu hatukukijua. Kwa mtu anayejua CVT na kuweka oili yake iliyoandikwa kwenye kitabu, ile gari ingefika mbali. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa gari yoyote ya kisasa ni nani ataitengeneza, na huyo mtu nimtafute kabla ya kununua, sio baada.

Ndo maana hatua inayofuata ni kuangalia unapoishi. Chukua kodi ya injini na aina ya gia boksi, ingia Kariakoo pale Gerezani na Shauri Moyo, au kama uko Nairobi nenda Kirinyaga Road, ulizia vitu vitano tu, pampu ya maji, koili au nozeli, shokapu za mbele, gasketi ya hedi, na gia boksi ya mtumba. Andika bei. Kama vitatu kati ya hivyo wanakwambia mpaka tuagize, hiyo gari kwako haina uimara hata kama Ujerumani inafika kilomita 400,000. Mjomba wangu yuko Mpanda, kule gari ikifa sensa anasubiri basi la Dar lilete kipakiti, kwahiyo yeye ana Hilux ya zamani yenye injini ya kodi ya 3L na mimi siwezi kumshauri abadilishe. Ila dada yangu anaishi Dar, kila siku foleni, yeye nilimwambia achukue ya miaka ya karibuni maana mafundi wa kompyuta wapo na kila spea ipo.

Kama ni dizeli ya kisasa kuna jambo la ziada. Ukanda wetu wa Afrika Mashariki ulishusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015, ni hatua kubwa sana, ila dizeli ya Ulaya ni sehemu 10, na zile gari zenye chujio la masizi kwenye ekzosti zilitengenezwa kwa dizeli ile. Alafu lile chujio linajisafisha kwa joto, linahitaji gari ikimbie mwendo mrefu bila kusimama. Ukiiendesha Mbezi kwenda Posta kila siku halipati nafasi, linaziba, gari inakosa nguvu, ndo unakuta mtu analikata lile chujio analitoa. Dizeli ya pampu ya zamani haina habari hiyo, inatoa moshi mweusi na inaendelea, japo huo moshi tunauvuta sisi na watoto wetu, tuseme ukweli.

Bodi. Hapa za zamani zinashindwa mara nyingi na watu hawapendi kukubali. Audi 80 ya 1986 ilishakuwa na bodi yote iliyopakwa zinki, lakini gari nyingi za miaka hiyo hazikuwa na hiyo kitu, kutu ilikuwa inazimaliza injini ikiwa bado nzima. Kwa sisi wa pwani, Tanga, Dar, Mombasa, Unguja, hewa ya chumvi haikuonei huruma. Ila gari mpya kutoka Japan nayo uiangalie chini, maana kama ilikuwa inaendeshwa kaskazini kule Hokkaido kwenye theluji, barabara wanamwaga chumvi. Lala chini kabisa na tochi, usiangalie milango, angalia chesisi, mabomba ya breki na pale shokapu zinapofungwa juu. Ukikuta rangi nyeusi mbichimbichi imepakwa chini yote jiulize inaficha nini.

Bushi, boljointi, tairodi sitasema sana, barabara zetu zinaua vyote bila kuangalia mwaka.

Umeme sasa. Watu wanasema za zamani hazina umeme wa kusumbua, hiyo ni nusu ya ukweli. Kontrol boksi, yaani kompyuta za injini, za gari za miaka ya 90 zikizeeka vikapasita vya ndani vinavuja na gari inaanza vituko visivyoeleweka. Lakini ukweli mwingine ni kwamba ya zamani inaongea na mtu yeyote. Toyota za miaka ile ukiunganisha kwa kipande cha waya TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha dayagnosi chini ya boneti, taa ya injini inapepesa unahesabu, ukimaliza kuhesabu una kodi ya tatizo, mashine haihitajiki. Za kisasa unahitaji skana, ila skana ndogo ya bluetuthi unayounganisha na simu siku hizi ni bei ya kawaida, na inakwambia mengi kuliko ile taa. Ila kuna panya. Waya za gari ya kisasa ni nyingi na nyembamba, panya mmoja usiku mmoja anaweza kukulaza gari wiki, usiache mabaki ya chakula kwenye gari na usiegeshe kwenye majani.

Usalama lazima uuweke kwenye mizani ya uimara, mi hili nalisema kwa uchungu kwasababu tunazika watu wengi. Mtu anasema gari ya zamani nzito, chuma kinene, ukigonga unabomoa mwenzio. Mwaka 2009 taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso upande wa dereva, kwenye kilomita 64 kwa saa. Ile ya 1959 iliingia ndani yote, usukani na mlango vikamfuata mdoli wa dereva, angekuwa mtu asingepona. Kwenye Malibu chumba cha dereva kilibaki, dereva angetoka na majeraha madogo ya mguu. Gari ya kisasa imetengenezwa ikunjike mbele ili wewe usikunjike. Kwahiyo ukiona bampa imesambaratika kwa ajali ndogo usikimbilie kusema kopo.

Na hapohapo, gari za katikati, za kama 2000 hadi 2015, eabegi nyingi (ile mifuko ya hewa inayofunguka kwenye ajali) zilikuwa na vijazio vya hewa vya Takata, kampuni iliyofilisika 2017 baada ya gari kwa mamilioni kuitwa zirudi dunia nzima. Kemikali ya ndani ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika, eabegi ikifunguka inaweza kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu, yaani ndo hali ya hewa ya Dar na Mombasa. Chukua namba ya chesisi uiingize kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza gari uone kama ilirekebishwa. Nawaomba sana, hii ni dakika tano tu.

Tukija kwenye hela, ushuru wa uchakavu wa TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, unaipandishia bei gari yenye umri mkubwa, na Kenya wao hawaruhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwahiyo kuna mahali sheria imeshakuchagulia. Kwa ambazo ziko tayari nchini, hesabu kwa kilomita. Tuseme ya zamani inakula matengenezo shs 1,800,000 kwa mwaka na unatembea km 12,000, kwa miaka mitatu ni 5,400,000 kwa km 36,000, yaani shs 150 kila kilomita. Ya kisasa inakula 900,000 kwa mwaka unafurahi, mwaka wa tatu gia boksi inataka 2,500,000, jumla 5,200,000, ni kama shs 144. Karibu sawa! Tofauti ni kwamba ya kwanza inakudai kidogokidogo kila mwezi na ya pili inakudai mara moja siku usiyoijua. Kama mshahara wako hauwezi kutoa milioni mbili kwa mpigo, basi ukinunua ya kisasa anza siku hiyohiyo kuweka 70,000 kila mwezi pembeni usiiguse. Mafuta nayo weka kwenye hesabu, ukiwa mtu wa safari nyingi yanaweza kugeuza jibu lote.

Mwisho ni kuikagua hiyo moja uliyoipenda. Nenda asubuhi, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, ukifika weka mkono kwenye boneti, ikiwa ya moto ameshaipasha na ujiulize kwanini. Washa swichi bila kustati, taa ya injini lazima iwake, isipowaka wametoa balbu au wameiziba. Stati uangalie nyuma, moshi wa bluu ni oili, mweupe usioisha ni maji yanaingia ndani, mweusi ni mafuta yanazidi. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta utando kama maziwa ya mgando shukuru uondoke. Chomeka skana, na ukiona mifumo mingi haijamaliza kujipima ujue huenda wamefuta kodi za matatizo au wamechomoa betri hivi karibuni. Mlipe fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi, hiyo kwa injini ya zamani na ya kisasa ni sawa. Linganisha kilomita za mita na cheti cha ukaguzi cha kutoka Japan, na uangalie pedali na kiti cha dereva, pedali iliyolika mpaka chuma haiwezi kuwa ya km 60,000. Kama ni CVT endesha angalau nusu saa mpaka ipate moto, panda nayo mlima, simama katikati uondoke tena taratibu. Ya kwangu siku naijaribu niliizungusha mtaa mmoja tu, dakika sita.

Ukiipata na ukaichukua, wiki ya kwanza jaza oili mpaka alama ya juu, andika kilomita, tembea 1,000 alafu upime tena ukiwa umeegesha sehemu tambarare injini imepoa. Oili iliyopungua iandike kwenye daftari, ndo ukurasa wa kwanza wa gari yako.